Pikipiki ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimesema uongo mmoja tu. Ulikuwa mdogo. Ulihusu pikipiki.

Ilikuwa hivi. Bosi alituita sote kwenye chumba cha mbele cha karakana. Akatangaza kwamba mpeleka meno wetu amestaafu, magoti yamegoma. Anatafutwa mtu wa kupeleka meno ya bandia kwenye kliniki zote saba, kwa pikipiki ya karakana. Nani anajua kuendesha? Pasi akanyoosha mkono. Pasi ndiye mng'arishaji wetu wa meno, na tunamwita hivyo kwa sababu hata soksi zake zina mstari wa pasi. Nikaona mkono wake uko juu. Wangu nao ukainuka wenyewe, tena juu zaidi. Bosi akaniuliza nina uzoefu wa muda gani. Nikasikia mdomo wangu ukisema miaka saba.

Miaka saba! Sijawahi kukalia hata pikipiki iliyozimwa.

Bosi akasema vizuri, anataka leseni mezani Jumatatu tarehe 17. Pasi akasema yake inahuishwa. Nikasema na yangu pia. Tukatazamana kidogo.

Niandike sababu, maana shajara haina haja ya kudanganywa. Miaka kumi na moja nimekaa chumba cha nyuma nikipanga meno kwenye nta. Nimetengeneza vinywa zaidi ya elfu. Sijawahi kuona hata kimoja kikicheka. Kliniki hututumia chapa ya kinywa, yaani umbo la fizi lililogandishwa, ndani ya boksi, nasi tunarudisha meno ndani ya boksi. Mwenyewe simjui. Je, anaweza kupiga mluzi? Anacheka wazi au anaziba mdomo kwa kiganja? Ananuna akifanana na nani? Mpeleka meno huingia kliniki. Mpeleka meno huona. Nataka kumwona mtu mmoja, mmoja tu, akicheka kwa meno yangu.

Mke wangu ameuliza mbona nakula kimya. Nimemwambia nafikiri. Akasema basi tujiandae.

Jumanne, 4 Juni

Utafiti umeanza. Mtu mwenye akili hapandi kitu asichokielewa.

Swali la kwanza: kwa nini pikipiki haianguki? Ina magurudumu mawili tu! Nilichukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikausimamisha ukumbini. Ukaanguka. Nikaubingirisha. Ukaenda wima kama bwana harusi mpaka mlango wa pili. Nikarudia mara tisa, matokeo yaleyale. Hitimisho: cha duara huanguka kikisimama, hakianguki kikitembea. Kwa hiyo hatari ya pikipiki si mwendo. Hatari ni kusimama. Nashangaa jambo zito kama hili halitangazwi.

Mara ya kumi mfuniko ulikata kona ukampiga mama mkwe kisigino. Alikuwa ndio kwanza anaingia, amemletea binti yake mbegu za mchicha. Niliomba radhi huku nimeinama karibu kugusa sakafu. Akauliza kwa utulivu mkwe wake anafanya nini na mfuniko. Nikamwambia napima sakafu. Mke wangu akasema kutoka jikoni kwamba mama asidanganywe, huyo anajifunza pikipiki kwa siri, tangu jana anauliza majirani breki iko mguu gani.

Mama mkwe akacheka sana. Nami nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Mama mkwe alikuwa mkunga! Miaka ishirini na miwili alizunguka kwa pikipiki akizalisha watu. Pikipiki yenyewe bado iko bandani kwake, chini ya turubai. Akaniambia mficha uchi hazai. Mbele ya mkwe wake! Nikatazama dari. Halafu akasema Alhamisi, saa kumi na moja jioni, nivae viatu vya kufunga kamba.

Alhamisi, 6 Juni

Somo la kwanza. Sikuendesha. Nilipakiwa.

Mama mkwe anasema mwanafunzi huanzia nyuma, ili mwili ujue kwanza pikipiki inavyolala kwenye kona. Sawa. Lakini abiria hushika wapi? Abiria wote niliowahi kuwaona humshika dereva kiunoni. Dereva wangu ni mama mkwe. Tangu nioe, hata salamu humpa kwa mikono miwili na macho chini. Kiuno? Afadhali nianguke.

Nilishika hewa. Tulipoondoka, hewa haikutosha. Nikashika kiti, kidole kikabanwa na springi. Nikashika taa ya nyuma, ikang'oka. (Ninayo hapa mezani.) Mwishowe mama mkwe akasimama, akatoa shuka kwenye mkoba wake, akajifunga kiunoni na kunipa ncha mbili nishike kwa nyuma. Tukaenda hivyo mitaa mitatu. Kinyozi alitoka nje kututazama, na mteja wake naye akatoka, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja.

Lakini niligundua jambo! Kwenye kona mama mkwe haukati usukani. Anageuza kichwa tu, anatazama anakotaka, na pikipiki inakwenda huko. Nilimuuliza inakuwaje. Akasema pikipiki hufuata macho. Ukitazama barabara utapita, ukitazama shimo utaingia shimoni. Nimefikiri jioni yote. Inajuaje ninachotazama?

Jumamosi, 8 Juni

Kiwanja cha nyuma ya shule, asubuhi. Sasa mimi ndiye dereva.

Injini imezima mara thelathini na moja. Nilihesabu kwa sababu kuhesabu kunanituliza. Tatizo ni klachi, ule mkono wa kushoto. Ukiubana wote, injini na gurudumu havijuani. Ukiuachia wote, vimeoana. Katikati pana mahali pembamba sana ambapo vinasalimiana, na hapo ndipo pikipiki huondoka kwa heshima. Ukipapita kwa pupa, inaruka kama imechomwa sindano, inakohoa, inakufa.

Swali: mahali hapo ni wapi hasa? Milimita ngapi? Mama mkwe akasema mkono wangu utapasikia. Utapasikiaje? Akasema niupe siku chache tu, niendelee kujaribu. Jibu gani hilo! Mimi hupanga meno kwa kipimo. Sijawahi kumwambia mtu jino utalisikia.

Anafundisha kama anavyozalisha. Anasimama kando, mikono nyuma, anasema nipumue. Nisisukume kabla ya wakati. Polepole, polepole, sasa. Mara ya ishirini na nane iliondoka kweli! Hatua ishirini nzima! Mama mkwe akajisahau, akapaza sauti kwamba ni wa kiume. Kisha nikazima mara tatu zaidi.

Niseme ukweli, naogopa. Lakini nikiogopa nauliza maswali, na nikiuliza woga unapungua kidogo kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Nimechunguza ile habari ya macho. Ni kweli tupu.

Kiwanjani kuna nguzo moja ya goli. Moja tu, mwenzake aliibwa. Kwingine kote ni uwazi, ng'ombe mia wangepita bila kugusana. Nikaamua nisiitazame ile nguzo. Nikajikumbusha kwa bidii kutoitazama. Nikaitazama ili nihakikishe siitazami. Nikaigonga.

Haikuwa kwa kasi. Bamba la gurudumu la mbele limejikunja kidogo na goti langu limechubuka. Mama mkwe alikagua pikipiki kwanza, halafu goti. Akasema hata mtoto wa mwisho hakumtesa hivi. Mtoto wake wa mwisho ni mke wangu.

Jumanne, 11 Juni

Kazini. Leo limekuja boksi lisilo la kawaida. Ndani kuna chapa ya kinywa, fizi ya juu nzima, na picha!

Ni ya bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa kwaya. Daktari ameandika kwamba tangu meno yaishe, mwaka wa pili huu, bibi haimbi, hacheki mbele za watu, na wajukuu wake wadogo hawajawahi kuusikia wimbo wake. Picha ni ya ujanani. Anacheka, kichwa nyuma, na katikati ya meno ya mbele pana mwanya. Mwanya mzuri! Nimeutazama mpaka chai ikapoa.

Nikauweka. Nimepanga meno yote ya juu kwenye nta, na katikati nikaacha ule mwanya, milimita mbili kasoro. Pasi akapita akasema nimekosea, kuna nafasi, wateja hulipia meno kamili. Nikamwonyesha picha. Akasema basi mtu akileta picha akiwa kibogoyo nitamtengenezea pengo? Jioni ndipo nikapata jibu zuri, lakini alikuwa ameshaondoka.

Huyu bibi lazima nimwone. Wengine elfu nawasamehe. Huyu nataka niwepo.

Jambo la pili. Suruali ya Pasi leo ina doa la oili, mguu wa kulia, kwa ndani. Pasi! Mtu ambaye hukunja leso! Nikamchunguza. Alipopumzika, mkono wake wa kushoto ulikuwa unabana hewa na kuachia, unabana na kuachia. Akaniona namtazama. Akaniuliza kama mazungumzo tu, kwa uzoefu wangu wa miaka saba, ni gia gani nzuri ya kupandia mlima. Nikamwambia inategemea mlima.

Mwongo mkubwa huyu. Hajui kuendesha hata kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Mtihani wa leseni ni keshokutwa. Mkono wangu bado haujasikia chochote. Jana injini ilizima mara kumi na tisa, na sheria ya mtihani ni kwamba ikizima mara tatu umeanguka. Nilikuwa karibu kukata tamaa, nikichanganya unga wa chapa kwa ajili ya fizi ya mzee fulani, ndipo nikajiuliza: daktari akitaka kujua mdomo unafungia wapi, humwambia mgonjwa atasikia? La! Humwekea unga laini, anauma, unaganda, na hapo pana alama isiyobishaniwa.

Jioni nikaenda kwa mama mkwe na kopo langu. Nikamwomba aonyeshe kwa mara ya mwisho pale klachi inapoanza kushika, na asiondoe mkono kwa dakika nne. Akaniuliza kilichomo kwenye kopo. Nikasema dawa ya kusafishia. (Uongo wa pili. Mdogo.) Nikapachika unga kati ya mkono wa klachi na usukani. Ukaganda. Nikautoa mzima, nikaufunga kwenye kitambaa kibichi.

Kesho nitautengeneza kwa plastiki yetu ya waridi, ile ya fizi. Ngumu, nyepesi, haimomonyoki. Nitaupachika hapo kwenye klachi. Nikibana, mkono utagota palepale pa salamu, si zaidi wala si pungufu. Pikipiki itaondoka kama maji. Kwa nini watengenezaji hawajafikiria? Labda hawana fundi wa meno.

Ijumaa, 14 Juni

Kipande kimetoka kizuri mno. Nimekisugua mpaka kinang'aa. Pasi akauliza ni fizi ya nani. Nikasema ya mtu mwenye mdomo wa ajabu.

Nimekipachika kwenye pikipiki ya mama mkwe alipoingia ndani kuzima jiko. Kimekaa sawasawa. Nimejaribu mara hamsini, injini ikiwa imezimwa. Haikuzima hata mara moja.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa hiari yangu.

Uwanja wa mtihani, saa tatu asubuhi. Tulikuwa watahiniwa tisa kwenye benchi. Wa nne alikuwa Pasi. Mimi wa tano. Tulisalimiana. Akasema amekuja kuhuisha. Nikasema na mimi.

Mtahini ni mzee mrefu, mkali, anayesema huku midomo ameikaza, maneno yanatoka kwa pembeni. Aliandika kwenye ubao bila kututazama. Pasi akaitwa. Akaondoka, akazunguka vibao, akasimama kwenye mstari mweupe, akashuka. Basi. Ilikuwa kama kumtazama mtu anakunja shati. Nilimuuliza amejifunzaje. Akasema, kila siku asubuhi kabla ya kazi, kwa saa nzima, tangu mpeleka meno aanze kulalamikia magoti, mwezi wa pili huu. Mbinu ya watu wasio na mawazo.

Zamu yangu. Mama mkwe alisimama kwenye uzio, akanionyesha kwa mkono nipumue. Nikapiga kiki, injini ikaitika. Nikabana klachi, ikagota kwenye kipande changu. Nikaingiza gia ya kwanza. Pikipiki ikaondoka yenyewe! Laini! Bila kukohoa! Nilizunguka vibao vyote sita bila kugusa hata kimoja. Nilisikia mtu kwenye benchi akisema huyo ni wa zamani. Dakika ile nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote uwanjani, labda na mjini pia.

Kisha ukaja mstari mweupe wa kusimamia.

Nikabana klachi. Ikagota. Pikipiki ikaendelea. Nikabana zaidi, kipande ni imara, nilikitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mama mkwe alikisema siku ya kwanza ya klachi: ukibana wote, injini na gurudumu havijuani. Wote. Mimi sikuweza tena kubana wote. Injini na gurudumu vilikuwa vinasalimiana na havikutaka kuagana.

Nikakanyaga breki. Injini ikaanza kufa. Ikizima, wanahesabu! Nikaachia breki. Nikavuka mstari kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Mtahini akanifuata kwa miguu, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nakuja. Akasema nisimame. Nikasema nitasimama. Tulikwenda hivyo tukiongea, raundi nzima ya uwanja, mimi nikimjibu kwa adabu kwa sababu amenizidi umri.

Raundi ya pili akakasirika. Akanitangulia, akasimama mbele yangu, akafungua mdomo wote akanguruma kwamba nisimame sasa hivi.

Nikayaona.

Jino la pembeni kushoto, juu, limegeuzwa kidogo sana ndani. Nililigeuza mimi. Mwaka juzi, mwezi wa nne. Daktari aliandika kwamba mteja hataki mtu yeyote ajue, yaonekane kama amezaliwa nayo, nikakaa siku nzima nikiwaza jino gani lingejikunja kwa mtu wa umri ule. Yalikuwa yangu! Yalikaa vizuri! Hata rangi imekubali! Sikuweza kuondoa macho.

Na pikipiki hufuata macho.

Alikwenda kulia, nikaenda kulia. Alikwenda kushoto, nami. Akaongeza mwendo, akageuka nyuma akipiga kelele, nikayaona tena, na taya la chini sasa. Alizunguka tangi la maji mara mbili. Watahiniwa walisimama juu ya benchi. Mwishowe mtahini naye akapanda benchi, mimi nikalizunguka benchi, nikimwomba kwa unyenyekevu acheke kidogo. Nakiri nilimwomba.

Mama mkwe akaingia uwanjani, bila haraka, akaja sambamba nami, akanyoosha mkono akazima ufunguo. Kimya. Nikaanguka upande, taratibu, kwa sababu nilikuwa nimesimama. Kuhusu hilo utafiti wangu ulikuwa sahihi.

Mtahini akashuka. Akakichomoa kipande cha waridi, akakigeuza mkononi. Akauliza ni nini. Nikasema ni plastiki ya fizi. Akakitazama sana. Kisha akaifunga midomo yake kabisa, akaandika neno moja kwenye ubao wake na kunionyesha. Nimeanguka. Nilijua.

Pasi amepata leseni. Mama mkwe amenirudisha kwa pikipiki, mimi nyuma, nimeshika ncha za shuka. Njia nzima mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Sikuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo nimeyaona. Nimeyaona yakipiga kelele. Sijayaona yakicheka. Si kitu kimoja.

Jumatatu, 17 Juni

Pasi ameweka leseni mezani kwa bosi, imenyooshwa. Bosi akaniita ofisini akafunga mlango. Habari za uwanjani zilikuwa zimemfikia, tena na za tangi la maji. Akaniuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi nzuri ya kukaa anafanya hivi. Nilikuwa na uongo wa tatu tayari, mzuri, kuhusu daktari kunishauri nipate upepo. Nikamtazama. Nikamwambia ukweli. Miaka kumi na moja. Vinywa elfu. Hata kimoja sijawahi kukiona.

Bosi akafungua kalenda yake ya mezani. Akasema kila Alhamisi kliniki ya jirani huwapima wateja meno mapya, na kila mwezi daktari anamwandikia akiomba fundi aende, maana fundi akiwepo marekebisho ni mepesi. Amekuwa akijibu kwamba fundi wetu hapendi kutoka chumbani. Akaniuliza kwa nini sikuwahi kuuliza.

Kuuliza tu? Hilo halikunijia. Mimi ambaye huuliza kila kitu!

Na Alhamisi hii, saa nne asubuhi, anapimwa mwalimu wa kwaya. Bibi wa mwanya! Bosi akasema niende, ni hapo tu, nyuma ya soko, dakika nane kwa miguu. Nikamshika mkono nikautikisa mpaka kalamu ikaanguka. Nimefurahi. Nimefurahi mno. Nimekwenda kukaa stoo kidogo ili nitulie.

Alhamisi, 20 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu na nusu nilikuwa tayari, shati safi, viatu vimepigwa kiwi. Dakika nane kwa miguu. Lakini nikajiuliza: mtu anakwenda kumwona bibi wa watu akicheka mara ya kwanza baada ya miaka miwili, afike na vumbi la soko? Tena Pasi atakuwa anaingia na kutoka pale kwa pikipiki ya karakana. Nina kibali cha mwanafunzi, naruhusiwa kuendesha mwenye leseni akiwa nyuma. Nikampitia mama mkwe. Alisita. Nikamsihi. Akakaa nyuma, mkoba mapajani, ameshika kiti.

Bila kipande, nilisikia! Mkono ulisikia kabisa, pale pa salamu, kama alivyosema. Nikaondoka bila kuzima. Nilitaka kulia. Tukafika njia panda, ikazima. Nikapiga kiki, ikawaka, hatua kumi, ikazima. Si klachi hii. Kitu kipya! Mama mkwe akasema niiache hapo, yeye ataishikilia, niende kwa miguu, mlango wa kliniki unaonekana. Kweli ulionekana. Bango lake la jino lilionekana. Lakini nilikuwa karibu kujua. Injini ilikuwa inazima kila baada ya sekunde arobaini kamili, na jambo linalojirudia lina sababu. Nikamwambia mama, dakika moja tu. Nikafungua hiki, nikafunga kile. Pasi akapita na boksi lake, akapunguza mwendo, akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia nafanya matengenezo ya kawaida.

Niliipata! Koki ya mafuta. Ilikuwa nusu wazi. Nikaifungua yote, ikanguruma vizuri kabisa, nikaingia uani mwa kliniki kwa gia ya pili na kusimama kwenye mstari bila kuzima. Saa tano kasoro robo.

Bibi alikuwa ameshaondoka.

Daktari alinisimulia. Alipoyavaa alitazama kioo muda mrefu. Akagusa ule mwanya kwa ncha ya ulimi. Kisha akacheka, kichwa nyuma, akacheka mpaka wagonjwa wa nje wakaanza kucheka bila kujua sababu. Akaimba beti mbili akiwa bado kwenye kiti. Akauliza fundi ni nani. Wakamwambia anakuja. Akasubiri dakika ishirini, mkoba mkononi, akitabasamu kila mlango ulipofunguka. Halafu mjukuu wake akaja kumchukua. Pasi alikuwepo. Pasi ameona kila kitu. Amesema, tena bila kejeli, kwamba ule mwanya ulikuwa sahihi.

Nilikaa kwenye ngazi za kliniki. Iliniuma. Iliniuma kweli, sitaki kuifanyia mzaha. Mama mkwe akaja akaketi ngazi ya chini yangu, akanipa leso, akatazama pembeni ili nijifute bila aibu.

Lakini Alhamisi ijayo kuna mzee, fundi saa mstaafu, fizi ya chini na ya juu! Daktari amesema anapenda sana utani. Nimeshalijua kosa la leo. Lilikuwa koki, wala si jambo jingine. Jioni hii nimechukua chapa ya koki ikiwa wazi kabisa, na plastiki ninayo ya kutosha. Nikiondoka saa tatu na robo nitafika na muda wa kufuta viatu. Mama mkwe ameniuliza kwa upole, kwa miguu ni dakika ngapi vile? Nimemwambia ni nane, mama, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa.